Mkatoliki Aliyeomba Arudishiwe Neno Lake

Biashara yangu ya kwanza na Basil Thorold ilikuwa ya farasi jike, na nusura isifanyike kwa sababu aliniambia ukweli.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya kumtoa Mfalme wa Uingereza. Nilikuwa nimemaliza kipindi changu cha kumtumikia mtu aliyenilipia nauli ya meli kutoka Bristol, na nilikuwa na duka lililojengwa kwa mbao pale gatini, kwenye mto Patuxent, huku Maryland. Nikiuza misumari, chumvi na ramu, na kununua tumbaku kwa yeyote aliyekuwa nayo. Thorold alikuja kwa miguu, akimvuta jike yule kwa kamba. Nikamsogezea benchi.

"Keti, Bwana Thorold."

"Nimeketi vya kutosha nyumbani," akasema, akaanza kuzunguka mapipa yangu ya chumvi. "Jike huyu anavuta vizuri, hana hasira. Ila kwato yake ya nyuma, ya kushoto, hupasuka wakati wa baridi."

Nikainama kuitazama. Kwato ilikuwa nzima kama kikombe kipya.

"Mbona siuoni huo ufa?"

"Kwa sababu huu ni Juni."

Katika kazi yangu, mtu anayekutajia kasoro usiyoiuliza huwa anaficha nyingine iliyo kubwa zaidi. Nikamfungua mnyama mdomo, nikamkimbiza hadi mtoni na kurudi, nikamgonga mbavu. Sikuona kitu. Nikamwambia Thorold apunguze bei, akapunguza palepale. Hapo ndipo nikaogopa kabisa.

"Samahani, Bwana Thorold. Unaumwa?"

Akacheka, lakini hakuacha kutembea. "Sikiliza, Cragg. Wewe ukimuuzia jirani farasi mbovu, jirani atasema Tobias Cragg mwizi, na maneno yataishia hapo. Mimi nikimuuzia, atasema Wakatoliki ndivyo walivyo, Papa amewapa ruhusa ya kudanganya. Sitakuwa nimeuza farasi. Nitakuwa nimewauza watu wangu wote, mpaka bibi yangu aliyeko kaburini."

Nikamnunua. Kwato ilipasuka Januari.

Mtu kama huyo huwezi kumwelewa bila kujua alivyolelewa. Baba yake alikuwa na ardhi nzuri, lakini ardhi ya Mkatoliki. Sheria ya Maryland siku zile ilimkataza Mkatoliki kupiga kura, kushika cheo, kuwa wakili, au kufungua shule. Kodi ya ardhi yake ilikuwa maradufu. Misa ilisomwa chumbani kwa mtu, si kanisani penye mlango wa barabarani. Jumapili magari ya farasi yalijaa uwanjani kwa akina Thorold kana kwamba wamealikwa chakula cha mchana, na sisi wengine tulipita tukijifanya tumeamini hivyo. Kijana Basil alipelekwa ng'ambo, nchi ya Flandria, kwa jina lisilo lake, akasomeshwa na mapadri Wajesuiti. Akarudi na kichwa kilichojaa Kilatini na sheria, na hakuna mahali popote alipoweza kuvitumia. Ni kama kumfuga farasi wa mashindano halafu umfunge kwenye kinu.

Basi nguvu zote akazimalizia kwenye nyumba. Alihamisha ngazi, akahamisha zizi, akabomoa bomba la moshi kwa sababu lilikuwa limepinda kidogo. Mke wake, Bibi Monica, alikuja dukani akanisihi.

"Tobias, mwanangu, mpunguzie misumari."

"Bibi, nitamkatalia mteja kwa sababu gani?"

"Mwambie imekwisha. Mwambie imezama. Nimeamka asubuhi naenda jikoni, mlango haupo! Ameuhamishia upande wa mto, eti upepo. Mimi na sufuria yangu tunatazamana na ukuta."

Nilimwahidi. Wiki iliyofuata nikamuuzia mumewe kipipa kizima cha misumari.

Vita vikaja. Thorold alitoa unga, alitoa farasi, na alikuwa akienda kambini na kurudi hata pale ambapo hakuna aliyemwita. Mfalme alipoondoka, katiba mpya ya Maryland ikafungua mlango kwa kila Mkristo. Nywele za Thorold zilikuwa zimeshaanza kuingia mvi. Akasimama kugombea kiti cha Bunge, kule Annapolis, akashindwa. Akasimama tena, akashindwa tena. Watu hawakumchukia. Tatizo ni kwamba hapa kwetu kura haifichwi. Unaingia mahakamani, unasimama mbele ya meza ya sherifu, unataja kwa sauti jina la unayemtaka, na wagombea wenyewe wameketi hapohapo wakikutazama. Aliyetajwa anakushukuru kwa jina. Waprotestanti wa wilaya yetu walimheshimu Thorold barabarani, lakini walipofika mezani walikohoa, na baada ya kukohoa wakamtaja mwingine.

Kisha mmoja wa wabunge wetu akafa kwa homa, majira ya kuchipua, ukaitishwa uchaguzi mdogo. Thorold akaja dukani kabla marehemu hajapoa.

"Tobias, watu wa juu, kule mto unakotoka, wanakusikiliza."

"Wanakunywa ramu yangu. Kunisikiliza ni jambo jingine. Unataka kura zao?"

"Nazitaka."

Mimi nami nilikuwa na ninachokitaka. Tumbaku haipakiwi melini bila kukaguliwa, na ghala la ukaguzi upande wetu lilikuwa moja tu, kwenye gati la Meja Plummer, kule mto unakoelekea. Watu wa juu walivingirisha mapipa yao makubwa wakapita mbele ya duka langu, wakavuka bwawa la matope, wakafika kwa Plummer na kusubiri kadiri Plummer alivyopenda, huku wakinywa ramu ya Plummer. Nilitaka ghala liwe kwangu. Wao walilitaka pia. Na ghala huwekwa pale Bunge litakaposema.

"Lete ghala hapa," nikamwambia, "nitakuletea watu wa juu."

"Nitajitahidi."

"Kujitahidi hata punda anajitahidi. Unaahidi, au huahidi?"

Alikwenda mlangoni, akatazama mto, akarudi, akashika ndoano za mizani akaziachia zikigongana. Mtu yeyote mwingine angeshaahidi na kuagiza kinywaji.

"Kama kura yangu inaweza kulileta ghala hapa," akasema, "litakuja. Hilo ni neno langu."

"Hata kama kura hiyo itakuuma?"

"Hata ikiniuma."

Tukashikana mikono. Lile swali la mwisho nililiongeza kwa mazoea tu, kama mtu anavyogonga pipa kabla ya kulilipia.

Mpinzani alikuwa Meja Plummer mwenyewe. Sherifu alitangaza Jumatano. Mgombea wa kwetu lazima awalishe wapiga kura, na asiyelisha huonekana anawadharau, kwa hiyo mimi nikachukua kazi ya kutafuta ng'ombe na ramu. Mvua ikaanza Jumanne. Jumatano na Alhamisi mito midogo ilifurika, na waliofika walikuwa wa karibu tu: Wakatoliki wa Thorold na jamaa wa Plummer. Kura zikawa karibu sawasawa. Sherifu akasema ataiacha meza wazi mpaka Ijumaa, watu wa juu wafike. Nami nikaona nisiwape nyama iliyolala. Ijumaa alfajiri nikamchoma ng'ombe mzima uwanjani.

Mimi nimelelewa katika Kanisa la Uingereza. Kwangu Ijumaa, siku ambayo Mkatoliki hagusi nyama, ni siku inayotangulia Jumamosi tu. Thorold naye siku zote tatu alikuwa amefungwa kwenye kiti cha mgombea, ambacho mtu haruhusiwi kukiacha huku kura zinaitwa, na kwake hilo lilikuwa sawa na kufungwa pingu. Alikuwa amekalia mikono yake ili itulie. Hakufikiria ng'ombe.

Watu wa juu wakafika, matope mpaka kiunoni, njaa mpaka machoni. Wakaufuata moshi. Na hapo nikaona kitu ambacho kingepaswa kunijia akilini mapema: Wakatoliki wote walikuwa wamesimama upande mwingine wa uwanja na ndoo zao za chaza, wakila chaza kwa mkate wa mahindi, hakuna hata mmoja aliyeisogelea nyama. Kwa mtu aliyetoka mbali ilionekana watu wa Thorold hawataki kula pamoja na Waprotestanti.

Jubal Stiles, mtu wa Plummer, aliliona hilo kabla yangu. Alikata ubavu mnene, akauweka kwenye sahani ya mti, akaingia nao mahakamani, na watu wakamfuata.

"Bwana Thorold, watu wa juu wanauliza. Nyama hii ina nini hata mwenye shughuli mwenyewe haigusi?"

"Haina kitu, Jubal. Leo Ijumaa."

"Hata kwetu ni Ijumaa. Hata kwa ng'ombe ilikuwa Ijumaa, na hakulalamika." Watu wakacheka. "Onja tu, Bwana. Kipande kama ukucha. Au Papa anahesabu tonge kutoka kule Roma?"

"Ana macho marefu huyo!" mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

Nikainama sikioni kwa Thorold. "Kimeze tu. Padri wako atakusamehe kesho. Kiti hiki umekisubiri tangu uzaliwe."

"Nikikalie nikiwa nimefanya nini, Tobias?"

"Ukiwa umekula nyama, basi!"

"Mbele ya watu wote hawa? Wakinicheka leo, kesho watauliza ni neno gani jingine nitalimeza nikibembelezwa."

Akasimama. Sherifu akasema, "Keti, Bwana Thorold, kura zinaendelea," lakini alikuwa ameshaichukua sahani. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Amos Dunkley, mzee wa juu, mkulima wa shamba dogo, mkaidi ambaye wenzake walimfuata kwa sababu alikuwa hamfuati mtu. Thorold akampa yeye.

"Mzee Amos, umetembea kwenye matope. Kula wewe. Mimi kiti hiki nilinyimwa kwa sababu ya Ijumaa zangu. Siwezi kuziacha mlangoni kwa sababu sasa nimeruhusiwa kuingia."

Amos akala. Alikula amesimama, polepole, akiutazama mlango. Mambo yalikuwa yanaelekea kubaya. Nimeuza vitu maisha yangu yote, najua mnunuzi anavyoanza kuangalia mlango. Nikapanda juu ya benchi.

"Jamani! Stiles anataka mtu huyu avunje neno alilompa Mungu wake, kwa ubavu mmoja. Akilivunja hilo kwa ubavu, lenu atalivunja kwa nini? Kwa mkia? Mwenzenu aliniuzia farasi akanitajia ugonjwa ambao farasi mwenyewe alikuwa bado hajaujua! Na neno alilonipa mimi kwa ajili yenu ni hili: kama kura yake inaweza kulileta ghala kwenye gati langu, litakuja. Hata ikimuuma. Ndivyo, Bwana Thorold?"

"Ndivyo," akasema. "Nimewaahidi nyote."

Amos akajifuta mdomo kwa mkono wa koti, akaigeukia meza. "Thorold," akaita.

"Nakushukuru, Bwana Dunkley," akasema Thorold.

Wengi wa wenzake wakamfuata. Plummer akashindwa kwa kura chache, na Thorold akaenda Annapolis.

Majira ya baridi nikasikia habari ambayo haikunipendeza. Thorold alikuwa ameonekana kule juu mtoni, kikao cha Bunge hakijaisha, akienda nyumba hadi nyumba kwenye mvua ya barafu, na alikuwa amepita mbele ya duka langu bila kushuka. Mteja anayepita mlangoni kwako akitazama mbele ana jambo. Amos Dunkley ndiye aliyenieleza, alipokuja kuchukua chumvi.

"Thorold wako kaja kwangu. Kaomba nimrudishie neno lake."

"Neno lipi?"

"La ghala, Tobias, kwani aliahidi mangapi? Kule Annapolis kuna mswada. Kila Mkristo alipe kodi ya kuwatunza wachungaji. Rafiki zake Plummer wanautaka, kura haziwatoshi. Wamemwambia Thorold, tupe yako, ghala litakaa kwa Cragg."

Nikaweka chini kijiko cha chumvi. Kwa hiyo kura yake ingeweza kulileta. Kwa maneno yake mwenyewe alikuwa amebanwa. Na watu wake walikuwa wametozwa vizazi vitatu kuwalisha wachungaji wa wengine. Walimpigia kura ili jambo hilo lisirudi tena. Mswada ulisema kila mtu ataelekeza kodi yake kwa kanisa lake, lakini Wakatoliki waliijua hadithi hiyo inavyoanza na inavyoishia.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia aingie, analowa. Hakutaka. Kasimama kizingitini anahamisha uzito, mguu huu, mguu huu. Nikamwambia, Bwana, kila niliyempigia kura ameniangusha, ila hakuna aliyekuja kwenye barafu kuniomba ruhusa ya kuniangusha. Chukua neno lako. Mke wangu akaniita bwege."

"Na wengine?"

"Wamempa. Wengine wamempa na matusi juu. Rudd alimfungulia mbwa kwanza, kisha akampa."

"Kwa nini asingepiga tu kura anavyotaka, kisha aseme ghala limeshindikana? Nani angejua?"

"Nilimuuliza hivyohivyo. Akaniambia, Mzee Amos, miaka mia moja wanasema Mkatoliki neno lake halishiki. Mimi ndiye wa kwanza wa wilaya hii kuingia mle ndani na neno. Nikilidondosha, hatasimama wa pili."

Nikajua kwangu atakuja mwisho, kwa sababu mkono alioshika alipoahidi ulikuwa wangu. Basi nikawa na muda wa kufikiri ninataka nini.

Walifika jioni hiyohiyo, yeye na Nace. Nace alikuwa mtunza farasi wake, na alikuwa mali yake, kama walivyokuwa karibu wote waliomlimia tumbaku. Thorold alibaki nje akizungumza na mvushaji, nadhani alikuwa akijipa moyo, na Nace akaingia kuota moto.

"Mmezunguka sana, Nace."

"Farasi ndio waliozunguka, Bwana Cragg. Mimi nimesubiri." Akanyoosha vidole kwenye moto. "Kila nyumba anaomba arudishiwe neno. Mimi aliniambia vita vikiisha nitakuwa huru. Mbona mimi hajaniomba nimrudishie?"

"Umemkumbusha?"

"Jana, tukivuka maji. Kasema tumbaku ikipata bei."

"Kulikuwa na shahidi alipokuahidi?"

"Farasi wawili. Mmoja kafa." Akacheka peke yake, akatoka bwana wake alipoingia.

Nalitaja hili kwa sababu wanaomsifu Thorold kwa neno lake hulipita upesi. Ilikuwa kasoro yake, na hiyo hakunitajia mwenyewe.

"Tobias," akaanza Thorold, "unajua kilichonileta."

"Najua. Keti."

"Sitaki kuketi."

"Mimi sifanyi biashara na mtu aliyesimama. Shingo inauma."

Akaketi ukingoni mwa pipa, goti likimcheza. "Nirudishie neno langu."

"Nisipokurudishia?"

"Nitapiga kura ya ndiyo, upate ghala lako. Kisha nirudi nyumbani nikawaambie watu wangu kodi ya wachungaji imerudi na niliyeirudisha ni mimi. Safari hii Monica ndiye atakayehamisha mlango, mimi nikiwa nje."

Angekuwa mtu mwingine ningejua ananitisha. Huyu nilimwamini, na hapo ndipo thamani ilipokuwa. Nilikuwa nimeshika bidhaa ya kweli.

"Amos alinirudishia bure," akasema.

"Amos mkulima. Mimi mfanyabiashara."

"Unataka nini?"

"Mdomo wa Kijito cha Korongo. Ukanda wote, kuanzia mwamba mweupe hadi kwenye mierezi."

Goti likaacha kucheza. Gati langu lilikuwa linajaa matope kila mwaka. Mdomo wa Korongo ulikuwa na kina. Meli ingeweza kugusa ukingo na kupakia moja kwa moja. Baba yake ndiye aliyeusafisha, na mapadri walioingia Maryland wamevaa kama mabaharia walishukia pale. Hakuyataja hayo, na mimi sikumsaidia kuyataja.

"Ardhi hiyo inazidi thamani ya ghala."

"Ndiyo maana naitaka."

"Unaniuzia neno langu mwenyewe, Tobias."

"Ulilitoa, Bwana. Ukilitaka lirudi, linarudi na gharama zake."

Aliinuka. Alikwenda mlangoni, akarudi, akaigusa kila ndoano iliyoning'inia, mlango tena, kurudi tena, mpaka nikataka kumshika koti. Kisha akanyoosha mkono.

"Chukua."

Alisema upesi mno. Nilijua mara moja kwamba ningeweza kuomba na msitu ulio nyuma yake.

Akarudi Annapolis bila kulala nyumbani, akapiga kura ya hapana. Na mswada ule ulianguka kwa kura nyingi sana, nyingi kiasi kwamba yake isingebadilisha kitu. Angesema ndiyo, ungeanguka vilevile, na ghala nisingelipata. Nilimtania kwa hilo alipokuja kuandikishana ardhi.

"Kwa hiyo umenipa Korongo kwa hewa, Bwana Thorold."

"Hapana," akasema, akitia sahihi amesimama. "Ningenyoosha mkono kusema ndiyo bila kujua kwamba mswada utaanguka."

Oktoba ikaja, na uchaguzi wa kawaida. Plummer akasimama tena. Ng'ombe safari hii alichomwa Jumatatu, Wakatoliki wakala mpaka mifupa, na haikusaidia kitu. Watu wa juu walipanga foleni wakiwa na matope yaleyale ya barabara ileile. Amos Dunkley alifika mezani, akamtazama Thorold usoni, jambo ambalo si wote walioliweza.

"Plummer," akaita. Kisha akamwelekea Thorold. "Nilikurudishia neno, Bwana. Lakini mabega yangu hayakupona. Bado navingirisha mapipa."

"Najua, Mzee Amos."

Zamu yangu ikafika. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimekaa na Meja Plummer. Manahodha walikuwa wameshaanza kuniulizia Korongo, na Plummer si mjinga. Aliona afadhali ghala jipya lijengwe kwa msaada wake kuliko kwa msaada wa mwingine. Nikampa sehemu ndogo ya ada ya ukaguzi, akanipa ghala, na mimi nikampa sauti yangu.

"Plummer," nikasema.

Meja akanishukuru kwa jina. Thorold, amekalia mikono yake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umeiuza kwa bei nzuri?"

"Nzuri sana, Bwana."

"Afadhali. Ningeudhika ungeiuza rahisi."

Hakurudi Annapolis tena.

Ghala likajengwa pale mdomoni mwa Korongo, na nyumba yangu ya matofali iko juu yake. Watu wa juu hawavuki tena bwawa, na sifa wanampa Plummer. Wakatoliki wamejenga kanisa lenye mlango wa barabarani, kwa gharama zao, na hawamlipi mchungaji wa mtu. Mwaka juzi Mkatoliki mwingine, kijana, aligombea. Watu wa juu hawakukohoa, na leo yuko Annapolis. Nace bado anashika hatamu za farasi wa Thorold. Majirani wakigombania mpaka, Waprotestanti wakiwemo, humwita Thorold aamue na hawamwapishi, naye hulichukia jambo hilo kwa sababu linamlazimu kuketi.

Tumbaku yake inakaguliwa kwangu, na ada analipa kama wengine. Wakaguzi wakifungua mapipa, yeye hutembea juu ya mbao za gati, mpaka mwisho na kurudi, kwenye ukingo uliokuwa wa baba yake. Ardhi ile sijamsikia akiitaja. Lakini hataondoka kabla hajaniuliza Bungeni kunajadiliwa nini. Husimama na hatamu mkononi mpaka nimemaliza kila nilichosikia kwa Plummer, huuliza nani amesema nini na nani amejibu, kisha hupanda farasi na kwenda nyumbani kwa mbio ambazo barabara ile haizistahimili.